Nani Ameshika Mfuko? Mameneja wa Bendi za Roki katika Miaka ya Sabini

Mwaka jana alinijia ofisini kijana mmoja aliyemaliza Kidato cha Sita shuleni kwetu miaka michache iliyopita. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki. Baada ya "Shikamoo mzee", na baada ya kunipa habari za bweni lake, ambalo zamani lilikuwa bweni langu na ambalo paa lake bado linavuja, alitoa mkataba wa kurasa 14 akauweka mezani. Yeye ni mwimbaji. Bwana mmoja mwenye studio amejitolea kumrekodi, kumtafutia maonyesho, kumvika na kumlipia chumba. Alitaka nimsaidie kukielewa Kiingereza cha kisheria kilichomo. Niliusoma mara mbili, kisha nikamwuliza: "Meneja wako atakapotaka kudai fedha zako kwa mwenye studio, atamdai nani?" Akafikiri kidogo, akacheka. "Si ni yeye mwenyewe, mzee?"

Siku ile nilimweleza habari za bendi tatu za Uingereza zilizovuma katika miaka ya sabini. Mhariri wa gazeti letu aliposikia akanitaka niziandike. Najua wapo wenzangu watakaoshangaa mtumishi wa serikali, ambaye kazi yake ni majalada na hati za malipo, kuandika juu ya magitaa ya umeme. Lakini ukiyaondoa magitaa, nywele ndefu na kelele, historia ya bendi hizi ni historia ya majalada na hati za malipo.

Kwanza tuelewane fedha zilitoka wapi. Bendi ya roki ilikuwa na visima vitatu. Kimoja ni santuri: kampuni ya rekodi iliuza sahani na kuwapa wanamuziki asilimia ndogo, yaani mrabaha. Cha pili ni utunzi: kila wimbo ulipouzwa, ulipopigwa redioni au ulipoimbwa na mtu mwingine, mtunzi alikuwa na fungu lake, nalo lilipitia kwa kampuni ya uchapishaji wa nyimbo. Cha tatu ni viingilio vya maonyesho. Meneja alikata kamisheni yake katika visima vyote. Juu ya hayo palikuwa na fedha za kutangulizwa, ambazo vijana wengi walidhani ni zawadi. Sisi watumishi wa serikali tunazielewa vizuri kwa jina la masurufu: unapewa fedha za safari, unazitia mfukoni, unajiona tajiri, mpaka mhasibu anapokuandikia barua ya kutaka marejesho. Kijana wa miaka 20 aliyepokea hundi ya kwanza hakujua kwamba gharama za studio, za gari na za mavazi zingekatwa katika mrabaha wake kabla yeye hajaona senti.

Kwetu mambo yalikuwa na sura nyingine. Bendi nyingi za Tanzania katika miaka hiyo zilikuwa za jumuiya, mashirika na majeshi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake walilipwa mshahara kama waajiriwa. Bendi za watu binafsi zilikuwa za "mwenye vyombo": aliyenunua magitaa na vipaza sauti ndiye tajiri, na mpigaji akihama aliondoka na vidole vyake tu. Unaweza kuulaumu utaratibu huo kwa mengi, lakini hapakuwa na mtu aliyedanganyika kuhusu nani ni tajiri na nani ni kibarua. Uingereza jambo lilikuwa la kutatanisha zaidi, kwa kuwa kwa mujibu wa sheria wanamuziki ndio waliomwajiri meneja. Yeye alikuwa mtumishi wao. Mtumishi huyo ndiye aliyeshika daftari, ufunguo wa sanduku na muhuri.

Mwalimu wa mameneja wengi wa kizazi hicho alikuwa Don Arden wa London. Katikati ya miaka ya sitini aliwasimamia Small Faces, vijana wanne waliokuwa wakiimbwa nchi nzima. Aliwalipa pauni 20 kwa wiki kila mmoja na kuwafungulia hesabu katika maduka ya nguo ya mtaa wa Carnaby, wachukue wapendacho. Kijana mwenye mashati ya hariri thelathini haulizi habari za mrabaha mpaka mashati yamechakaa. Miongoni mwa watu waliofanya kazi chini ya Arden alikuwamo bwana mmoja mwenye mwili wa jabali, jina lake Peter Grant.

Grant alizaliwa mwaka 1935 kusini mwa London. Alikuwa bawabu wa mkahawa wa 2i's uliokuwa Soho, akawa mcheza mieleka, akaigiza vijisehemu katika filamu, kisha akawa dereva na msimamizi wa safari za wanamuziki wa Kimarekani walioletwa Uingereza na Arden, akina Gene Vincent na Chuck Berry. Huko ndiko alikosoma. Alimwona Chuck Berry akikataa kupanda jukwaani mpaka ahesabiwe fedha zake taslimu. Alipokabidhiwa kundi la Yardbirds katika nusu ya pili ya miaka ya sitini, alifanya jambo ambalo mameneja wengi wa London walilidharau: alisafiri nao, akapanda basi lao, akasimama mlangoni usiku kuhesabu watu walioingia. Mpiga gitaa wao, Jimmy Page, aliona kwa mara ya kwanza kwamba safari ya Marekani inaweza kuleta faida. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na Grant alihakikisha yupo.

Yardbirds walipovunjika mwaka 1968, Page aliunda Led Zeppelin, na Grant akawa meneja wao. Jambo linaloshangaza watu wa sheria mpaka leo ni kwamba baina ya Grant na wanamuziki wale wanne hapakuwa na mkataba wa maandishi. Walipeana mikono, basi. Kwa kampuni ya rekodi, kinyume chake, Grant alidai kila kitu kiandikwe. Mwishoni mwa mwaka 1968 aliingia katika ofisi za Atlantic mjini New York akatoka na fedha za kutangulizwa ambazo mara nyingi hutajwa kuwa dola 200,000, kiasi ambacho bendi changa haikuwa imewahi kukisikia. Zaidi ya fedha, alipata haki ya bendi kuamua yenyewe juu ya muziki wake na majalada ya santuri zake. Ndiyo maana mwaka 1971 santuri yao ya nne ilitoka bila jina la bendi wala la santuri juu ya jalada. Wakubwa wa kampuni walinung'unika, lakini hawakuwa na kifungu cha kuwazuia.

Kisha akawageukia mapromota, yaani wale waandaaji wa maonyesho waliozoea kujikatia fungu nono la viingilio. Grant aliwaambia kwamba kuanzia sasa bendi itachukua asilimia 90, na promota asilimia 10. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: Led Zeppelin hawakuhitaji kutangazwa sana, ukumbi ungejaa, na asilimia 10 ya uwanja uliojaa ni kubwa kuliko nusu ya ukumbi mtupu. Tarehe 5 Mei 1973, mjini Tampa, Florida, watu 56,800 walilipa jumla ya dola 309,000 kuwasikiliza, wakavunja rekodi ya Beatles katika uwanja wa Shea mwaka 1965. Mapromota walilalamika, lakini walikubali.

Ningependa kuishia hapo na kumpa Grant nishani. Lakini utawala wa mkono una maovu yake. Biashara ya kuhesabu noti usiku ilimaanisha kusafiri na masanduku ya noti: Julai 1973, mwishoni mwa safari yao, zaidi ya dola 200,000 ziliibwa katika kisanduku cha amana cha hoteli ya Drake, New York, na mwizi hakujulikana. Na mtu aliyezoea kuwalinda watu wake kwa kifua huishia kukitumia kifua hicho hata pasipostahili. Tarehe 23 Julai 1977, huko Oakland, California, ugomvi juu ya kibao cha mlangoni ambacho mtoto wa Grant alikitaka uliishia kwa mfanyakazi wa promota Bill Graham kupigwa vibaya sana nyuma ya jukwaa. Mwaka uliofuata Grant, mpiga dramu John Bonham na wenzao wawili walifikishwa mahakamani. Hawakuyapinga mashtaka, wakapewa vifungo vya nje na faini. Aliyeumia hakuwa kampuni kubwa wala promota mlafi. Alikuwa kibarua, kama Grant alivyokuwa kibarua mlangoni pa 2i's. Baada ya Bonham kufariki Septemba 1980, bendi ilivunjika, na Grant akajitenga na biashara hiyo kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 1995.

Bendi ya pili inatugusa zaidi, kwani mwimbaji wake alizaliwa Unguja. Farrokh Bulsara, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Freddie Mercury, alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, na familia yake ikahamia Uingereza baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964. Bendi yake, Queen, ilitia sahihi na kampuni ya Trident ya London mwaka 1972. Trident ilikuwa ya ndugu wawili wa ukoo wa Sheffield, nao walikuwa na studio nzuri kuliko nyingi za mjini. Tena niseme ukweli, waliwapokea vijana hawa wakati kampuni nyingine zilisitasita. Waliwapa nafasi ya kurekodi saa ambazo studio ilikuwa haina mteja, mara nyingi usiku wa manane, wakawanunulia vyombo.

Lakini karatasi zilikuwa tatu: mkataba wa kurekodi, mkataba wa uchapishaji wa nyimbo, na mkataba wa umeneja, zote na Trident. Kampuni ya EMI iliyouza santuri ililipa Trident, na Trident ndiyo ikawalipa Queen. Sasa turudi kwenye swali nililomwuliza yule kijana. Kazi ya meneja ni kumwendea mwenye kampuni na kumwambia, "Vijana wangu mnawapunja." Meneja wa Queen angetoka chumba kimoja akaingia kingine na kujiambia maneno hayo mwenyewe. Huhitaji kuwa mwizi ili utaratibu kama huo uharibike. Hata mtu mwadilifu, akikalia viti vitatu, atakiegemea kile kilicho laini.

Mwishoni mwa mwaka 1974 wimbo wao "Killer Queen" ulifika nafasi ya pili Uingereza. Wakati huo wanamuziki walikuwa wakilipwa pauni 60 kwa wiki, na kabla ya hapo zilikuwa 20. John Deacon, mpiga besi, alikuwa anaoa na akaomba pauni 4,000 za malipo ya awali ya nyumba. Alikataliwa. Mercury aliomba piano, naye akakataliwa. Roger Taylor aliambiwa asizipige ngoma kwa nguvu mno kwa kuwa vijiti vina gharama. Aprili 1975 waliteremka uwanja wa ndege wa Tokyo wakakuta maelfu ya mashabiki wakiwangoja, kisha wakarudi London kwenye vyumba vyao vya kupanga. Norman Sheffield alijitetea baadaye katika kitabu alichokitoa mwaka 2013, akaeleza kwamba Trident ilikwisha kutumia fedha nyingi juu yao, na kwamba mapato ya santuri huchukua miezi mingi kufika. Hilo la miezi ni kweli, na kila aliyewahi kungoja malipo ya serikali atamwelewa. Lakini mwanamuziki angalau aonyeshwe daftari.

Queen waliokolewa na wakili, Jim Beach, aliyefanya kazi ya kuwatoa katika mikataba ile kwa muda wa miezi kadhaa. Agosti 1975 walikubaliana: bendi ilipe Trident pauni 100,000, pamoja na asilimia moja ya mapato ya santuri sita zijazo. Yaani walinunua uhuru wao kwa mkopo juu ya nyimbo ambazo zilikuwa hazijatungwa. Walitafuta meneja mpya, na mmoja wa waliofikiriwa alikuwa Peter Grant, lakini alitaka waingie katika kampuni yake ya rekodi, Swan Song, nao wakaogopa kuwa wadogo wa Led Zeppelin. Wakamchukua John Reid, Mskoti aliyekuwa meneja wa Elton John. Novemba 1975 ilitoka santuri ya "A Night at the Opera", yenye "Bohemian Rhapsody", uliokaa nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki tisa. Wimbo unaofungua santuri hiyo, "Death on Two Legs", ni tusi la Mercury kwa meneja ambaye hakumtaja jina. Sheffield alijitambua akaja juu.

Ukiniuliza mimi, yaliyo muhimu zaidi katika habari ya Queen ni mawili ambayo mashabiki hawayaimbi. Deacon, yule aliyenyimwa fedha za nyumba, ndiye aliyekuwa macho ya bendi juu ya hesabu tangu hapo. Na mwaka 1978 walipoachana na Reid, kazi ya umeneja walimpa Jim Beach, yule wakili. (Reid na Elton John nao walifika mahakamani miaka mingi baadaye juu ya gharama za safari, na hapo ndipo dunia ilipojua kwamba Elton aliweza kutumia pauni 293,000 kwa maua katika muda wa miezi 20. Si kila fedha inayopotea imeibwa na meneja.)

Mwezi uleule Queen walipokuwa Tokyo, Aprili 1975, mtunzi mwingine alikuwa Surrey, kusini mwa Uingereza, akingoja hundi. Naye ni Pete Ham wa bendi ya Badfinger.

Ham alitoka Swansea, Wales. Bendi yake, ambayo kwanza iliitwa The Iveys, iliingia Apple, kampuni ya Beatles, mwaka 1968. Paul McCartney aliwapa wimbo wa kuanzia, lakini punde si punde Ham alionyesha kwamba hahitaji kuazima: "No Matter What", "Day After Day" na "Baby Blue" ni kazi zake. Yeye na mwenzake Tom Evans waliunganisha vipande viwili vya nyimbo ambazo kila mmoja alishindwa kuzimaliza, wakapata "Without You". Mwimbaji wa Kimarekani Harry Nilsson aliuimba upya, na mwaka 1972 ulishika nafasi ya kwanza Marekani na Uingereza. Wasomaji wa rika langu wanaufahamu kwa sauti ya Mariah Carey, ya mwaka 1994.

Novemba 1970 walitia sahihi kwa Stan Polley, meneja wa New York. Huyu hakupanda basi lao. Aliwaundia kampuni yenye jina la bendi, yeye akiwa rais wake, na mapato yote yakaingia huko, nao wakalipwa mishahara. Kwa karatasi kila kitu kilikuwa safi kuliko Led Zeppelin: palikuwa na mikataba, mihuri, wahasibu. Ipo hata taarifa ya hesabu iliyotayarishwa na wahasibu wa Polley mwenyewe, ya kuanzia tarehe 8 Desemba 1970 hadi 31 Oktoba 1971. Joey Molland alipata dola 8,339, Evans 6,861, Mike Gibbins 6,211 na Ham 5,959. Jumlisha mwenyewe: wote wanne dola 27,370. Kamisheni ya meneja ilikuwa dola 75,744. Na mtunzi mkuu wa nyimbo zao ndiye aliyepata kidogo kuliko wenzake wote.

Taarifa ile niliiangalia kwa muda mrefu. Mimi nimeona hesabu za kila namna kazini, lakini kwa kawaida mtu mwenye la kuficha hulificha. Hapa limeandikwa kwa mashine, safu kwa safu. Ama hawakuonyeshwa, ama walionyeshwa hawakuielewa, ama walidhani tarakimu zitajirekebisha zenyewe mwaka ujao. Molland alianza kushuku mapema. Ham hakutaka kusikia. Alimwamini Polley, na katika bendi ile kumshuku meneja kukawa ni kumkosea Ham. Hivyo marafiki waligombana wao kwa wao juu ya mtu aliyekuwa ng'ambo ya bahari.

Polley aliwapatia mkataba mkubwa na Warner, uliotangazwa kuwa wa mamilioni ya dola, ambao uliwadai santuri kwa kasi ambayo hakuna mtunzi angeimudu. Sehemu ya fedha ilipaswa kukaa katika akaunti ya dhamana. Warner walipouliza zilipo, hawakupata jibu. Desemba 1974 idara yao ya uchapishaji ilifungua kesi, na mwanzoni mwa 1975 santuri mpya ya Badfinger, iliyokuwa imetoka wiki chache tu na kusifiwa, ikaondolewa madukani. Mishahara ikakoma. Meneja mwingine hakuthubutu kuwachukua kwa kuwa bado walifungwa kwa Polley. Ham alikuwa na nyumba ya mkopo, na mchumba wake alikuwa mjamzito.

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 1975, baada ya kuambiwa kwa simu kutoka Marekani kwamba fedha zote zimekwisha, Pete Ham alijiua. Zilibaki siku tatu atimize miaka 28. Katika barua aliyoiacha alimtaja Polley kwa jina. Binti yake alizaliwa baadaye, mwaka huohuo. Tarehe 19 Novemba 1983 Tom Evans naye alijiua, baada ya miaka ya mabishano juu ya mafungu ya mapato ya "Without You", wimbo ambao vipande vyake viwili vilitoka kwake na kwa Ham.

Polley hakuwahi kuhukumiwa kwa fedha za Badfinger. Mwaka 1991, huko California, alishtakiwa kwa fedha za mtu mwingine kabisa, katika biashara ya injini za ndege, na hakuyapinga mashtaka. Alifariki mwaka 2009.

Kijana wangu alinisikiliza mpaka saa ya kufunga ofisi. Kisha tulikaa na kalamu nyekundu, tukatia alama mahali patatu: pale palipoandikwa kwamba meneja na mwenye studio ni mtu yuleyule, pale palipompa huyo bwana haki za nyimbo "zilizotungwa na zitakazotungwa", na mahali pa tatu palipokuwa patupu, ambapo tuliandika kwa mkono kwamba msanii ataonyeshwa daftari la mapato na matumizi kila baada ya miezi mitatu, akiwa na mtu wa kumsomea. Akairudisha bahasha kwa mwenyewe. Mpaka makala haya yanakwenda mitamboni hajajibiwa, na hajatia sahihi. Anaimba harusini siku za Jumamosi, na fedha anahesabiwa mkononi kabla ya kuondoka.